Mzee wa Ghala na Bastola Mbili za Plastiki

Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Siku ya kwanza nilipoingia ghalani na barua ya kazi mkononi, aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akanirudishia, akauliza, "Umetokea wapi?" Nikamwambia Sikonge. "Basi wewe Sikonge," akasema, na tangu siku hiyo ndilo jina langu mdomoni mwake. Mwenzangu niliyeajiriwa naye wiki moja alitoka Choma, kule Igunga, akawa Choma. Aliyetoka Usinge akawa Usinge, na walipofika wawili kutoka Usinge, wa pili akaitwa Usinge Mdogo, ingawa kwa urefu alimzidi mwenzake kichwa kizima. Naye sisi tulimwita Mzee wa Ghala, kwa sababu ndiye aliyetunza silaha za kampuni yetu ya ulinzi pale Tabora mjini. Sitamwita vinginevyo hapa. Jina lake analo mwenyewe.

Kazi yetu ilikuwa kulinda maghala ya tumbaku na kusindikiza malori yanayotoka porini na tumbaku na asali. Wenye rungu na filimbi walikaa getini. Wenye silaha walipanda gari na kutangulia mbele ya malori, siku nzima kwenye vumbi, wakila karanga na kubishana. Kati ya hao wa gari mwanamke nilikuwa mimi peke yangu, na kile kiti changu cha mbele nilikipenda jamani. Wengine wanaota nyumba ya bati. Mimi niliota nizeeke nikiwa kwenye kile kiti.

Ghala lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma na dirisha la nondo. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Asubuhi tulipanga mstari mlangoni, na salamu yake ilikuwa na kipande cha pili ambacho sijakisikia kwa mtu mwingine yeyote. Ukisema, "Shikamoo Mzee," yeye anajibu, "Marahaba. Mikono?" Hapo unamwonyesha viganja vyote viwili. Kama vina maji, unarudi kujifuta. Kama vina mafuta ya maandazi, unarudi kunawa. Kama vinatetemeka, anakuuliza polepole, wengine wasisikie, jana ulikunywa au nyumbani kuna ugonjwa. Ukisema ugonjwa, anakupangia kazi nyepesi. Ukisema ulikunywa, anakupangia getini na hataki kuuona uso wako mpaka kesho yake. Kudanganya hakukusaidii, maana alikuwa na pua.

Alikuwa na misemo, na misemo yenyewe aliirudia mpaka tukawa tunamtangulia. "Bunduki haisahau kama ina risasi, wewe ndiye unayesahau." "Haraka ni yako, si ya silaha." Na ule aliousema kila tuliposafisha, akiwa amesimama nyuma yetu na mikono mgongoni: "Mafuta matone mawili. La tatu ni la vumbi." Maana yake ni kwamba ukizidisha mafuta unalikaribisha vumbi likae, na vumbi la kwetu, hasa lile la upande wa Kwihara ilikopita misafara ya zamani, halihitaji kukaribishwa mara mbili. Tuliambiwa vumbi lile limekanyagwa na wapagazi wenye pembe za ndovu mabegani. Likiingia kwenye chuma halitoki kwa kubembelezwa.

Lakini mtu huyo huyo wa matone mawili alitembea na kopo la nta ya nyuki mfukoni. Lilikuwa kopo la rangi ya viatu, rangi ilishakwisha zamani za kale, ndani ameyeyushia nta. Hiyo nta ilikuwa dawa ya kila kitu chake. Zipu ya koti ikigoma, nta. Uzi wa kushonea, nta. Midomo ikipasuka kiangazi, nta. Bawaba za mlango wa kanisa lao la Moravian, ambako aliimba besi kwenye kwaya, alizipaka nta kila mwaka kabla ya Krismasi, na ole wake atakayesema mlango unalia. Alijifunza hivyo kwa wazee wenye magobori, zile bunduki za kienyeji za kujaza baruti mdomoni. Wao mvua ya kwanza ikidondoka tu walivipaka nta vyuma vyote visishike kutu mpaka masika yaishe. Nami nilikuja kugundua jambo moja kuhusu lile kopo: hakulifungulia kitu asichokipenda. Baiskeli ya kampuni ililia mwaka mzima, hakuigusa. Ya kwake ilipita kimya kama paka.

Na tuseme yote. Mtu aliyeishi na silaha maisha yake yote hakuweza kuchinja kuku. Mkewe alituambia akicheka mpaka anajifuta machozi, kwamba siku za wageni mzee alikuwa anatoka nyumbani na kwenda kusimama barabarani, anajifanya kuangalia hali ya hewa, mpaka asikie sufuria limeinjikwa.

Kwenye kiwanja cha shabaha ndipo alipokuwa mtu mwingine. Kiwanja kilikuwa nje ya mji, tuta kubwa la udongo na mbele yake mbao za kubandikia karatasi. Pale alitufundisha neno moja kabla hajatufundisha kushika chochote. Neno lenyewe ni sitisha. Mtu yeyote akiona jambo lisilo sawa, anasema sitisha. Si lazima awe mkubwa. Awe mlinzi, awe dereva, awe mama muuza maandazi anayepita na beseni lake. Likisemwa, wote mnaweka silaha chini, mnarudi hatua moja, mnainua viganja usawa wa kifua. Hakuna anayejongea mpaka yule yule aliyesema sitisha aseme endelea. Hata Mzee mwenyewe alingoja. Siku moja Usinge Mdogo alisitisha watu kumi na moja kwa ajili ya kinyonga aliyekuwa anapanda ubao. Tulimcheka sana. Mzee alikwenda, akamtoa kinyonga kwa kijiti, akarudi, akampa Usinge Mdogo mkono mbele yetu wote.

"Sitisha ya bure haina adhabu," akasema. "Adhabu ni ya aliyeona akanyamaza."

Mnisikilize vizuri hapo, kwa sababu mimi si mtu wa kunyamaza. Mama yangu husema nilizaliwa nikibisha. Mdomo huu umenigombanisha na mashemeji, na makonda, na mchungaji mmoja. Mara moja tu katika maisha yangu ulifungwa ulipotakiwa kufunguka, na ndiyo sababu ninaandika.

Ilikuwa hivi. Bastola zetu za zamani zilikuwa za chuma kitupu, nzito, zimechoka. Bosi wetu, kijana wa familia moja ya Waarabu wa pale mjini waliofanya biashara tangu enzi za babu zake, alitaka tupate mpya. Si mtu mbaya Bosi. Ni mtu wa kuamua haraka. Wakala akaja kutoka Dar na bastola mbili za mfano, kwa vibali vyote, akatuachia mwezi mzima tuzijaribu. Zote mbili mwili wa plastiki, chuma ni ile sehemu ya juu tu inayorudi nyuma na kwenda mbele kila ukipiga. Mzee alizipokea kwa ncha za vidole.

"Hii ni ndoo," akasema. "Ndoo yenye mtutu."

Wakala akacheka. "Mzee, dunia nzima sa'hivi ndo wanatumia hizi. Nyepesi, haishiki kutu."

"Na ndoo haishiki kutu."

Zilikuwa nyeusi zote na majina yao yalikuwa namba ndefu, kwa hiyo sisi tukaziita Mnene na Mwembamba. Mnene alibeba risasi nyingi zaidi, na mshiko wake ulikuwa mpana, unajaza mkono. Mwembamba alikuwa na mshiko mfupi wenye mgongo wa kubadilisha, unachomoa kipande cha nyuma unaweka kikubwa au kidogo kulingana na mkono wako. Wakala alimpenda Mnene waziwazi. Bosi naye aliposikia idadi ya risasi macho yalimtoka.

Mzee akasema mwezi ni mwezi, tutajaribu. Wiki ya kwanza hakupiga risasi hata moja. Alituita mmoja mmoja ghalani, akatuwekea karatasi mezani, akatuambia tuweke kiganja, akazungusha penseli pembeni ya vidole vyetu kama fundi wa viatu anavyochora nyayo. Karatasi kumi na moja akazibandika ukutani. Kiganja cha Choma, ambaye amekua akivuta ng'ombe kwa pembe, kilijaa karatasi na kidole gumba kikatoka nje. Changu kilikaa katikati yake na nafasi ikabaki pande zote.

Wiki ya pili akatufumbisha macho. Unafumba, unapewa bastola isiyo na kitu, unaiinua unapoona ni mbele, halafu unafumbua uone umelenga wapi. Mnene mkononi mwangu alitazama kushoto, kila mara. Ili kidole kifike kwenye triga ilibidi niusogeze mkono wote pembeni. Mwembamba niliposhika, nikafumbua macho, nikakuta nimelenga katikati ya msumari alioupigilia ukutani. Mzee akasema, "Rudia." Nikarudia. "Rudia." Mara ya tano akaacha kusema, akaandika kwenye daftari.

Wiki ya tatu akazitesa. Alizifukia zote mbili kwenye lile vumbi la Kwihara, akazifukua, akazikung'uta, tukapiga. Zikalia zote. Akazitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akasema ndoo na ndoo ni ndugu, wasalimiane. Zikalia. Akazilaza juu ya bati la ghala kwenye jua la mwezi wa kumi mpaka zikawa hazishikiki, aone kama plastiki itapinda. Haikupinda. Akashuka ngazi akiwa amenuna, kama mtu aliyetaka ugomvi akanyimwa.

Halafu tukapiga sote, kila mtu kwa zote mbili, akabandika karatasi zenye matundu chini ya kila kiganja. Ukuta ule ulisema wenyewe. Wenye mikono mikubwa, Choma na wenzake watatu, walipiga vizuri na Mnene, na kwa Mwembamba walipungua kidogo tu. Sisi wengine saba tulipiga vizuri na Mwembamba, na kwa Mnene matundu yetu yalizagaa kama mtama uliomwagika. Mimi nilikuwa wa kwanza kwa Mwembamba na wa mwisho kwa Mnene, mwisho kabisa, chini ya alama inayotakiwa kwa mlinzi wa gari. Mzee alisimama mbele ya ukuta, akaniambia bila kugeuka:

"Mkono mkubwa unaweza kushika kidogo. Mkono mdogo hauwezi kushika kikubwa. Nitamwambia Bosi hivyo."

"Na asipokubali?"

"Ukuta huu hausemi uongo, Sikonge. Akikataa, wewe utakwenda getini. Kwa hiyo atakubali."

Hapo nikajua kwamba anapigania kiti changu. Nilijua pia kwamba ndoo imemwingia moyoni. Alikuwa akimshika Mwembamba kwa kiganja kizima sasa, si kwa ncha za vidole, na siku moja nilimkuta anampangusa kwa leso yake mwenyewe.

Bosi akapanga kuja kiwanjani kuona kwa macho yake ndipo aamue. Mchana wa siku iliyotangulia mvua ya kwanza ilinyesha, ile fupi inayoamsha harufu ya udongo na kuacha mawingu yamening'inia. Asubuhi tukaenda. Bosi alikuja na wakala. Utaratibu ulikuwa mwepesi: Choma apige kumi na Mnene, mimi nipige kumi na Mwembamba, kisha Mzee aeleze habari za ukuta wake.

Choma akapiga kumi, safi, bila shida. Akarudi nyuma. Mzee akanikabidhi Mwembamba. Nilipomshika nikahisi utelezi kidogo kwenye vidole, na harufu ikanifikia kabla sijainua mkono. Baba yangu ni mtu wa mizinga. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo nta inachemshwa uani kila msimu, nguo zetu za shule zilinukia nta, na hata leo ukinifumba macho nitakwambia hii ni ya mwaka huu au ya mwaka jana. Nikamtazama Mzee. Alikuwa anatazama mawingu.

Nilipaswa kusema pale pale. Lakini nikawaza labda kidogo hakina neno, Mzee anajua zaidi.

Risasi ya kwanza na ya pili zilitoka sawa. Ya tatu, kile chuma cha juu kikarudi nyuma, kikaanza kuja mbele pole pole kama mlango uliovimba kwa mvua, kikaishia njiani. Nikaondoa risasi iliyokwama, nikaanza tena. Jua lilikuwa limetoka, chuma kimepata moto, ile nta imelainika na kubeba mchanga. Ikakwama ya tano. Ikakwama ya sita. Na hiyo ni bastola iliyokuwa imefukiwa vumbini na kuzamishwa majini bila kukohoa.

Wakala akatikisa kichwa kwa upole, kama daktari. "Bosi, tatizo si kubwa. Hizi ukizishika kwa mkono mlegevu zinakwama. Dada hapa mkono wake mlegevu kidogo. Ndo maana nasema Mnene, huyu hana shida, hata ukikosea anakuvumilia."

"Mkono mlegevu," Bosi akasema, akanitazama kiganja. Wenzangu wakatazama chini. Choma akakohoa.

Mzee alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Mkono wake ulikuwa mfukoni, juu ya lile kopo, niliona umbo lake kwenye kitambaa cha suruali. Midomo yake ilifunguka. Nikangoja. Nilingoja aseme maneno matatu tu, ni nta yangu. Akafunga mdomo.

Na mimi, mwenye mdomo unaogombana na makonda, nikaweka bastola mezani na nikarudi nyuma. Nilijiambia ni heshima. Ningemwaibisha vipi mzee wa umri wa baba yangu, mbele ya kijana anayemlipa mshahara, mbele ya mgeni wa Dar, kwamba mtunza silaha hajui kutunza silaha? Wangemnyang'anya ule ufunguo siku ile ile. Basi nikachukua mkono mlegevu nikaenda nao nyumbani.

Habari za ukuta hazikuelezwa. Bosi akamchagua Mnene. Baada ya miezi miwili tulipimwa, nikapiga kushoto, kushoto, kushoto, nikarudishwa getini na daftari la kuandika namba za malori. Malori yale yale niliyokuwa natangulia mbele yake sasa yalinipita na kunimwagia vumbi, na Choma akinipungia kutoka kwenye kiti changu kwa aibu, maskini, kana kwamba yeye ndiye aliyeniibia. Nililia wiki moja. Baada ya hapo nikanunua kanga mpya nikaendelea na maisha, ndivyo tunavyofanya.

Mzee hakumaliza mwaka. Alisema macho hayaoni vizuri, akavua ile kamba ya kiatu shingoni, akamkabidhi mwingine. Siku ya kuagwa alinipa mkono kama wote. Akasema, "Sikonge." Nikasema, "Mzee." Ikawa basi.

Miaka sita imepita. Sasa mimi ndiye mkuu wa geti, na nasema bila majivuno kwamba geti halijawahi kuwa na mkuu kama mimi. Kiangazi hiki nilitoka nyumbani Sikonge na dumu la asali ya baba, na badala ya kushuka stendi na kwenda kwangu, nikachukua bodaboda hadi kwake, upande wa Kwihara. Sijui kwa nini siku hiyo. Nadhani ni kwa sababu baba alizeeka ghafla mwaka huu, nikaona wazee hawangoji.

Nilimkuta barazani na cherehani ya mkewe imefunguliwa tumbo, skrubu zimepangwa kwenye sahani.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba." Akaweka bisibisi chini. "Mikono?"

Nikamwonyesha viganja. Akavitazama vizuri, vya mtu wa miaka arobaini sasa. Kisha nikaona vya kwake. Vilikuwa vinatetemeka, si kidogo, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumuuliza kama ni pombe au ugonjwa.

Mkewe akaleta chai, tukaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Nikampa asali. Akafungua dumu, akanusa. Hakulifunga tena, akaliacha mapajani.

"Ile siku," akasema, "niliamka na harufu ya mvua. Nikaingia ghalani nikamchukua Mwembamba nimfute. Sikuamua, Sikonge. Mkono ulitangulia. Nilipokuja kukumbuka kwamba yule si gobori, gari la Bosi lilikuwa limeshapiga honi."

"Najua, Mzee."

"Unajua nini?"

"Niliinusa nta. Kabla sijapiga."

Nilidhani nampa zawadi. Miaka sita nilikuwa nimeitunza ile sentensi, niliona siku nitakayomwambia atajua jinsi nilivyomstahi. Alishusha dumu chini kwa nguvu, chai ikaruka.

"Uliinusa ukapiga?"

"Ningesemaje mbele ya Bosi? Ilikuwa heshima."

"Ingekulipukia usoni je?" Sauti yake ilikuwa ile ya kiwanjani. "Nilikufundisha neno moja. Moja. Kinyonga alisemewa, mimi sikusemewa?"

Ninakiri nilikasirika. Nilimwambia yeye alikuwa na kopo mfukoni na mdomo usoni, na aliniacha niitwe mlegevu mbele ya watu, nimekula vumbi la malori miaka sita kwa ajili ya ufunguo wake. Nilisema yote. Mkewe alisimama mlangoni na sinia, hakuondoka.

Mzee alisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mimi nilikuwa mwoga," akasema. "Wewe ulikuwa na adabu. Mtutu haujui tofauti." Kisha akageuka. "Mama. Huyu ndiye Sikonge. Mkono wake haukuwa mlegevu. Ilikuwa nta yangu."

"Najua," mkewe akasema. "Kila mvua ya kwanza ikinyesha unaniambia."

"Leo nakwambia yeye akiwepo."

Mimi nilikunywa chai iliyobaki mpaka mwisho. Kitu nilichokitaka miaka yote ile hakikuwa kiti, sasa ndio nikaona. Nilitaka tu mtu mmoja aambiwe, nikiwa nimesimama pale.

Mzee aliirudia cherehani yake, kama watu wazima wanavyofanya mambo mazito yakishasemwa. Akazungusha gurudumu, likakwaruza. Akaingiza mkono mfukoni. Kopo lilikuwa lile lile, herufi zake zimefutika zote. Akalifungua kwa shida, akachovya kidole, akakipeleka ndani kabisa kwenye yale meno madogo ya chuma, yale yanayotaka mafuta matone mawili, wala si zaidi.

"Sitisha," nikasema.

Kidole kikasimama hewani. Mzee akaliweka kopo mezani. Akarudi nyuma kwenye kiti, akainua viganja vyote viwili usawa wa kifua, kama alivyotufundisha, kimoja kina nta, vyote vinatetemeka, na akanitazama akingoja neno la pili, ambalo kwa sheria yake mwenyewe lilikuwa langu peke yangu.

Nilimwacha hivyo kidogo, mpaka mkewe akatoka ndani na kichupa cha mafuta ya cherehani. Kisha nikasema, "Endelea," nikavuta kiti, nikachukua kichupa mikononi mwa mkewe, nikaweka matone mawili.